Beseni la Maji ya Miguu

Siku ile shangazi yetu Pétronille alikuwa anakaanga ndagala, dagaa wa kwetu, mlango wa jikoni wazi, upepo wa ziwa unajiingilia. Mumewe Léopold alikuwa amewahi kutoka kazini, ameketi anavua viatu. Uvira nzima hapakuwa na mwanamke aliyemzidi raha, na mwenyewe alijua, msidhani hakujua! Wazungu walipokimbia mwaka wa uhuru wa Kongo, Léopold, mtoto wa mvuvi aliyesomea ufundi Usumbura, alikabidhiwa cheo cha mhandisi wao. Akapewa na nyumba ya sakafu ya simenti, na frigo ya kupoza maji, na mshahara wa mzungu mzimamzima. Watu walimwamkia shangazi tangu ng'ambo ya barabara. Sharti lilikuwa moja tu: daraja la Luberizi liishe kabla ya mvua, la sivyo cheo atapewa mtu mwingine.

"Mama Sidonie," Léopold akamwita mkewe, "niletee maji ya kunawa. Miguu inanilemea."

Akaleta beseni, akamwosha mwenyewe. Maji yakawa ya kijivu. Akafikiri ni simenti ya kazini, akaliacha uani. Asubuhi alipotaka kuyamwaga hayakumwagika. Yalikuwa yameganda jiwe.

Msiba wa Modeste ulikuwa bado mbichi. Huyu alikuwa kibarua wa daraja, mtu wa kijiji cha Nyakabere, kijana mcheshi ambaye jembe lilimkata kidole kidogo cha mguu wa kulia kikatoka kabisa, na kila mavuno alimletea shangazi mchele. Alipotea kazini mchana kweupe. Léopold akasema mto umemchukua. Basi kwetu, mtu akichukuliwa na maji na mwili usionekane, hukatwa mgomba, ukavikwa sanda, ukaliliwa, ukazikwa kwa jina lake apate pa kulala. Lakini hiyo ni kwa mtu ambaye hakuna ajuaye aliko. Hakuna hata mmoja. Léopold aligharamia matanga yote, na sanda aliichagua shangazi mwenyewe, nyeupe yenye mstari wa bluu. Mama yake Modeste, mama Concilie, akampigia magoti yule bwana kumshukuru. Magoti!

Daraja likaisha kabla ya mvua. Mshahara ukapandishwa. Léopold akashona suti, akanunua gari, lakini kulipanda ikawa kazi. Kiti kikavunjika chini yake, naye hakuwa amenenepa hata kidogo. Kila jioni shangazi alimwosha, kila asubuhi alitupa jiwe nyuma ya nyumba. Alimbembeleza aache kazi ile warudi kuvua samaki. Akajibiwa, "Weye unataka watu watucheke?"

Siku moja akimkanda goti akasikia kitu. Ko, ko, ko. Kilikuwa kinagonga kutoka ndani ya mfupa.

Kisha waasi wakashuka kutoka milimani. Bonde lote la Ruzizi likamiminika barabarani, watu wanakimbilia Kavimvira mpakani wavuke kwenda Burundi. Binti yao Sidonie alikuwa ametangulia na bibi yake. Shangazi akafunga mizigo, akamwosha mumewe upesi akiwa ameketi kitandani, akamwambia asimame.

Hakusimama.

Jirani yao Norbert akaja na kaka zake. Wakamshika miguu, wakamshika mabega. Hakutikisika. Mishipa ya shingo iliwatoka wale wanaume wakamwacha, wakakimbia bila kuaga.

"Baba Sidonie," shangazi akanong'ona, "niambie kweli. Minye ni muke wako."

Midomo yake ilikuwa na vumbi la kijivu.

"Modeste hakuanguka mu mto," akasema. "Alianguka mu nguzo ya daraja. Tulikuwa tunamimina beto ya simenti. Mashine iko inanguruma, wengine hawakusikia. Minye nilisikia. Iko anaita jina langu."

"Weye ukafanya nini?"

"Beto haisimamishwi katikati. Ukisimamisha, nguzo inabomolewa. Mvua ilikuwa karibu. Nikasema: mimineni."

Eee Mungu wangu! Shangazi alitamani kumtemea mate, na palepale alitamani kumbeba mgongoni. Alimpenda, afanyeje? Akatoka mbio kumtafuta mama Concilie. Aliwaza kwamba kama mama mwenye mtoto angesamehe, na mgomba ule wa uongo ukafukuliwa, labda mumewe angeachiwa.

Akamkuta Kavimvira katikati ya wakimbizi, na godoro kichwani. Akaanguka miguuni pake barabarani. Akamwambia yote. Akamwomba.

Mama Concilie alisikiliza bila kutua godoro. Hakulia.

"Minye nimetoka kule Nyakabere leo asubuhi," akasema polepole. "Kaburi ya mutoto wangu iko wazi. Tulifikiri ni fisi. Mgomba haiko."

Kisha akapita, akaenda zake.

Shangazi alirudi mbio. Jua la mchana lilikuwa linawaka. Mtaa ulikuwa mtupu. Mlango ulikuwa umefungwa, jinsi alivyouacha. Akaingia chumbani.

Léopold hakuwepo.

Kitandani palikuwa na shina la mgomba. Sanda nyeupe. Mstari wa bluu. Udongo wa Nyakabere bado umeshika, na utomvu unadondoka sakafuni, mbichi, utadhani limekatwa muda uleule.

Vita vilipopoa, ukoo wa Léopold ulikuja kumwomba shangazi akate mgomba wamzike mume wake, wamlilie wamalize. Akakataa. Wakamwita mchawi, wakamnyang'anya kila kitu. Hakujitetea. Angezikaje mgomba, naye anajua mtu wake aliko? Malori yanapita juu yake kila siku pale Luberizi, kwenda Bukavu.

Kitu kimoja tu alibaki nacho, na mimi nimekiona kwa macho yangu. Ni beseni aliloliacha kando ya kitanda asubuhi ile. Maji yameganda, na ndani yake kuna nyayo mbili zilizozama sambamba, za mtu aliyekanyaga akasimama. Wa kushoto ni wa Léopold, shangazi anaujua, ameuosha miaka.

Wa kulia hauna kidole kidogo.