Mgomba Usio na Watoto

Siku hiyo Siraj aliteremka kwenye lori lake pale njia panda ya Kikorongo anunue maji, akaondoka na mche. Sababu ni Naimah, muuza miche: gauni la manjano, kitambaa cha zambarau kichwani, ulimi mkali. Siraj alimwuliza kama ule mgomba wenye majani mekundu unatoa matoke, ndizi za kupika. Naimah alimcheka mpaka abiria wa basi wakageuka. Ulikuwa mgomba wa urembo, wa kutazamwa tu.

Simu zikaanza, Siraj akiwa Bwera, Naimah kwao Rukoki. "Sheri wangu, umekula?" Kila siku. Mwaka 2014 ukielekea kuisha, wazee wa Siraj wakakubaliwa waje kuposa.

Hapo bwana huyu akafanya ujinga ambao mpaka leo unanipandisha hasira. Asubuhi ya posa alitangulia Rukoki na panga, apambe lango kwa migomba, kama tunavyowapambia wageni. Nyuma ya nyumba akaona mgomba mmoja mnene, mwekundu. Haulishi mtu, akasema moyoni, nani atauhitaji? Akaukata.

Naimah alikuwa ameungoja miaka saba utoe mbegu, aache kuuza miche ya watu, aoteshe yake. Wiki ile ile ua lake lilikuwa limechomoza.

"Si itaota tena?" Siraj alisema. "Mugomba iko na watoto."

"Hii haina watoto. Inazaa mbegu mara moja, inakufa." Naimah alimwonyesha ua lililolala chini. "Na hata ingekuwa ya matoke, ungeuliza. Nikiolewa, utakata nini ingine bila kuuliza?"

Wazee walirudishwa wakiwa njiani. Siraj alistahili. Alipiga simu mwezi mzima, haikupokelewa.

Kule Bwera madereva hucheza mweso, ule mchezo wa bao, kwa mbegu nyeusi za migomba ya namna hiyo, ile ya porini. Siraj aliwaomba zote, wakamtukana, wakampa. Alizipanda kwenye makopo, akazimwagilia miezi mitano. Zote zikaoza isipokuwa moja.

Alirudi Rukoki amevaa kanzu safi, kopo mkononi, akasimama nje ya lango. Hakuingia.

"Naimah, nipande wapi?"

Naimah alimwacha juani kitambo kirefu, uso umekunjamana. Mche wenyewe ulikuwa wa kijani tupu, hata wekundu hauna. Kisha akamwonyesha pale pale kilipobaki kisiki.

"Panda hapo. Halafu ita wazee," alisema. "Na panga ibaki Bwera."