Brashi ya Ustadh Inayatullah

Kunguru aliachwa bila macho saa sita mchana. Saa nane alikuwa nayo.

Rabail aliinama juu ya meza yake fupi, akamtazama kwa karibu. Ni yule kunguru wa hadithi ya nne ya kitabu alichokuwa akikichorea, mwizi wa shanga za bibi harusi, na alikuwa amemmaliza kila kitu isipokuwa macho, kwa sababu katika fani yake ya picha ndogondogo macho huwa ya mwisho. Unachora mavazi, unachora majani ya mti jani kwa jani mpaka mgongo unalia, halafu siku ya mwisho unasoma bismillahi na kufungua macho. Sasa kuna mtu aliyemfungulia. Tena kafungua vizuri kuliko yeye mwenyewe, na nukta nyeupe kwenye mboni pale pale inapotakiwa.

"Shangazi, umeingia chumbani kwangu?"

"Niingie kutafuta nini? Hivyo vichupa vyako vya rangi?" Shangazi Zubaida alijibu kutoka ukumbini bila kunyanyua kichwa. "Umeme umekatwa, joto limenilaza kama maiti. Niache."

"Kuna mtu kamchora kunguru macho."

"Basi mshukuru, kakupunguzia kazi. Labda ni mchumba."

Rabail alicheka, akalilaumu joto la Juni. Waliishi wawili tu, shangazi mjane na yeye yatima, ghorofa ya tatu ndani ya Lango la Bhati, Lahore. Tangu amalize chuo cha sanaa alikuwa amechora maua ya kadi za harusi za watu mpaka akawachukia maharusi wote. Kitabu hiki cha watoto kilikuwa kazi yake ya kwanza ya maana, picha ishirini na nne na jina lake kwenye jalada. Hakuwa na nafasi ya kuogopa upuuzi.

Kesho yake alifunguliwa macho ngamia. Siku ya tatu, bibi harusi mwenyewe. Kila mara ilikuwa mchana, saa ile ambayo jiji zima limelala, na kila mara chumba kilibaki na harufu ya uji wa ngano uliochacha na nywele zilizoungua.

Siku ya nne shangazi alimtuma sokoni kununua nyanya.

"Hizi ni nini?" aliuliza akizitoa mfukoni moja moja. "Nimesema nyanya za mchuzi, wewe umeniletea mbichi, kijani kama kasuku!"

Rabail alizitazama. Kwake zilikuwa na rangi ya matope, sawa na zote alizoziacha sokoni. Akaliangalia shela la shangazi, alilojua ni jekundu kwa kuwa alilinunua mwenyewe, nalo lilikuwa matope. Akakimbilia vichupa vyake, akavifungua kimoja baada ya kingine. Nyekundu ilikuwa imetoweka duniani. Kwa mchoraji, afadhali ungemkata kidole.

Daktari alimmulika akasema macho ni mazima. Ijumaa kijani nacho kikaondoka kabisa, na jicho la kulia likaingiwa na ukungu. Akampigia simu mtu pekee ambaye angemwelewa.

"Ni uchovu, binti yangu," Ustadh Inayatullah, mwalimu wake wa chuo, alisema. "Lala mchana. Na brashi usiiache, umesikia? Endelea nayo."

Sauti ile ilimtuliza kama ilivyomtuliza miaka minne. Baba yake alifariki Rabail akiwa na miaka tisa, na huyu mzee ndiye aliyemshika mkono akamfundisha kuvuta mstari mwembamba kuliko unywele. Mwaka uliopita mzee mwenyewe alianza kupofuka, Lahore nzima ilijua, wakamsikitikia. Siku ya mahafali alimwita Rabail mbele ya wenzake, akamfunga uzi mkononi, akamlisha ladu, tamutamu ya sherehe, kwa mkono wake, kisha akampa brashi yake ya miaka arobaini, nywele za kindi ndani ya unyoya wa njiwa. Wenzake walilia kwa wivu. Yeye alilia kwa furaha.

Jumamosi aliamua kutolala. Alijilaza kitandani, shela jepesi usoni, akasubiri.

Umeme ulikatwa, feni ikasimama, mtaa ukanyamaza, hata muuza barafu za kulfi chini akanyamaza, na ndani ya ukimya huo ukaanza mkwaruzo mdogo, ule wa kauri inaposugua karatasi ili ilainike, mbele na nyuma, taratibu, ingawa kauri yake alikuwa ameilalia chini ya mto, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda, na kupitia kitambaa kile aliona kitu kimekaa mahali pake, miguu imekunjwa kama anavyoikunja yeye, mgongo umeinama kama unavyoinama wake, brashi ya Ustadh mkononi, kikiipeleka mdomoni kila mara na kuilamba ncha, na kila kilipoilamba jicho la kulia la Rabail lilichoma kana kwamba ulimi ule unapita juu yake, mpaka kikageuka polepole kumtazama na akaona kwamba uso ulikuwa mtupu na laini kama karatasi isiyochorwa, isipokuwa jicho moja, la kulia, la kahawia, lenye alama nyeusi ukingoni mwa mboni, jicho ambalo yeye alikuwa akiliona kila asubuhi kwenye kioo.

"Bado moja," kilisema.

Alijiburuta kutoka kitandani. Shangazi alimkuta saa tisa amejikunyata ukutani, na safari hii hakutania. Alinusa chumba, akavaa kandambili zake, akashuka ngazi.

Alirudi na Hafidh Manzoor, fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye huondoa majini akiombwa sana na hulalamika mwanzo hadi mwisho.

"Nimeacha nguo za watu kwenye cherehani," alisema akiketi. Kisha akaiona brashi, akashusha sauti. "Nani kakupa hii?"

"Ustadh wangu."

"Ulisema nini ulipopewa?"

"Kama mwanafunzi yeyote. Alisema, 'Nakupa mkono wangu na jicho langu, nipe wako na lako.' Nikasema nimekubali, mara tatu."

"Desturi ni mkono," Hafidh alisema. "Jicho kaliongeza mwenyewe."

Rabail alitaka kumtetea mzee, kisha akakumbuka. Ni kweli. Alikuwa amesikia kiapo kile kwa wanafunzi wengine, na kilikuwa mkono tu. Lakini nani hukatiza maneno ya mwalimu wake siku kama ile?

Hafidh alichomoa unywele mmoja kwenye brashi, akauweka kiganjani chini ya dirisha. Ulikuwa mfupi, mweusi, umejipinda.

"Huu si wa kindi," alinong'ona. "Hii ni kope ya mtu."

"Ya nani?" Shangazi aliuliza.

"Ya waliomtangulia binti huyu, bibi. Usinifanye niwahesabu." Akamgeukia Rabail. "Jini huyu hakuvamia nyumba yenu. Ametumwa. Anachukua kwako, anapeleka kwake. Kila jicho lililofunguliwa kwa brashi hii ni mlango wake. Yafunge yote kwa mkono wako, atatoka na ulichonyang'anywa kitarudi. Ukibakiza hata moja, ni kazi bure."

Picha zilizokwisha kuchorwa zilikuwa kumi na tisa. Rabail aliyafunika macho kwa rangi nyeupe, moja baada ya jingine, akiua kazi ya miezi miwili, huku shangazi akisoma Ayatul Kursi na kitu kikikwaruza ndani ya ukuta kwa hasira. Alipomfunga kunguru, majani ya mti wa nyuma yakapata kijani. Akaangua kilio. Kijani! Lakini nyekundu haikuja, na ukungu ulibaki pale pale.

"Ipo nyingine," Hafidh alisema. "Ya kwanza kabisa. Ulimpa nani?"

Kazi ya kwanza ya brashi uliyopewa humrudia aliyekupa, kila mtu katika fani anajua. Rabail alikuwa amemchora Ustadh mwenyewe.

Alimkuta uani kwake akisoma gazeti, yale matangazo ya maandishi madogo, bila miwani.

"Umekonda, binti yangu," alisema. "Nimekuona tangu mlangoni."

"Ustadh, naomba ile picha."

Mzee alilikunja gazeti. Hakuuliza picha gani, wala kwa nini, na hapo moyo wa Rabail ukavunjika, maana njia nzima alikuwa akiomba awe amemsingizia.

"Kwa nini mimi?" aliuliza. "Darasa zima lile, kwa nini mimi?"

"Wengine wangeniuliza maswali," Ustadh alisema. "Wewe ulikuwa unanipenda."

Rabail alipiga magoti, akamshika miguu. "Nina miaka ishirini na tatu. Hata kitabu kimoja sijatoa. Nionee huruma."

Mzee akalia pia, machozi halisi. Alisema alikaa miezi saba hajui mchana na usiku, akipapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe kama mgeni, na kwamba shetani alimpata akiwa dhaifu. "Nisamehe, mwanangu. Nimeifungia mbali. Njoo kesho alasiri, nitakupa kwa mkono wangu."

Rabail akambusu mkono. Mimi hapa ndipo ninapomwonea uchungu kuliko pengine pote, kwa sababu alirudi nyumbani amefurahi. Alimwambia shangazi, "Si nilikwambia ni mtu mwema? Ameteleza tu." Usiku ule akala parata tatu.

Kesho yake alipewa picha imefungwa kwa kitambaa cheupe. Ustadh alimwekea mkono kichwani, akamwombea.

Ilikuwa magharibi Hafidh alipowasha ubani, na umeme ulikuwa umekatwa. Rabail alikifungua kitambaa karibu na dirisha. Uso wa mzee ulimtazama, mtulivu, ndevu unywele kwa unywele. Alisoma bismillahi, akafunika jicho la kwanza. Akafunika la pili. Wakasubiri, wote watatu, bila kupumua.

Ndani ya ukuta mkwaruzo uliendelea, bila haraka yoyote.

"Rudia," Hafidh alinong'ona.

Alirudia, na safari hii rangi ya chini ilivutika pamoja na brashi, mbichi, ikanuka gundi ya jana. Rabail akaisogeza picha karibu na jicho lake lililobaki. Januari, alipoichora, alikosea sikio la kushoto, akaliweka chini mno, na alilitambua kosa baada ya kuikabidhi, akaona haya kusema. Sikio la picha hii lilikuwa mahali pake. Haikuwa kazi ya mkono wake.

Alipiga simu. Ustadh aliipokea mara moja, kama mtu aliyekuwa akisubiri.

"Ustadh," Rabail alisema. "Sikio."

Upande wa pili gazeti lilikunjwa taratibu.

"Ulilikosea, binti yangu," alisema hatimaye, kwa upole ule ule wa darasani. "Mkono wangu ulikataa kuliacha vile."

Simu ikakatika. Rabail alibaki ameishika sikioni. Alimsikia Hafidh akikusanya vitu vyake harakaharaka, kisha feni ikaanza kuzunguka juu yao na Shangazi Zubaida akashusha pumzi.

"Afadhali," shangazi alisema. "Angalau taa imewaka."

"Taa ipi?" aliuliza Rabail.