Chiriku na Filamu ya Kuku wa Kiwandani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimkanda mama yake mabega. Mama alikuwa mkataji katika kiwanda cha kuku. Alisimama kutwa kwenye chumba chenye baridi kali, na mabega yake yalikaza kama mbao. Jina la Chiriku alipewa na wenzake kwa sababu ya domo lake, na domo hilohilo ndilo lililomponza.

Siku moja mwalimu wa sayansi aliwaonyesha filamu kuhusu chakula cha viwandani. Waliona maelfu ya kuku waliobanana bandani, kisha wafanyakazi waliovaa barakoa wakiwakatakata mbiombio.

"Watu hawa hawana roho!" mwanafunzi mmoja alisema, na darasa zima likaguna.

"Chiriku, si mama yako yuko huko kiwandani?" rafiki yake aliuliza.

"Mama yangu? Thubutu! Yeye ni karani, anakaa ofisini. Uchafu ule haugusi."

Mwalimu hakuyasikia hayo. Jioni, kwa kuwa alijua mama yake Chiriku anafanya kazi kiwandani, alimpigia simu na kumwomba aje kuzungumza na darasa. Mama alifurahi, akanyamaza ili amshtukize mwanawe.

Kesho yake mlango ulifunguliwa, mama akaingia akiwa amevaa gauni lake zuri. Chiriku akainamia dawati.

"Shikamoo mama," rafiki yake alisema. "Kumbe na makarani wanajua habari za kuku?"

"Marahaba. Karani gani tena?"

Mama alimtazama Chiriku aliyeinamia dawati, akaelewa. "Aa, ndiyo," alisema polepole. "Mimi... huwa naandikaandika tu, mwanangu."

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama, ambaye hajawahi kumdanganya mtu, alikuwa anajidhalilisha mbele ya watoto ili kumsitiri yeye! Akasimama, machozi yakimtoka.

"Mama si karani. Anakata kuku. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu. Nisamehe, mama."

Hakuna aliyecheka. Mama alivuta kiti, akaketi.

"Mliyoyaona ni kweli," alisema. "Kuku wanabanwa, na sisi tunakimbizwa. Kila mtu anataka kuku wa bei ya chini, basi kiwanda nacho kinaharakisha."

"Sasa sisi tufanye nini?" rafiki yake Chiriku aliuliza.

"Someni lebo. Muulizeni muuzaji kuku wake wametoka wapi na wamefugwaje. Wanunuzi wengi wakiuliza, hata bosi wetu atasikia."

Mwalimu alimshukuru, kisha akaligeukia darasa. "Chagueni chakula chenu kwa akili, lakini msimdharau anayekiandaa. Kazi mbaya si mchezo mwema."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, umenikasirikia?"

"Sijakasirika, nimeumia," mama alijibu, akimshika mkono. "Kukata kuku hakujawahi kunitia aibu. Leo nimeona aibu mara moja tu, nilipoikana kazi iliyokulea. Tusirudie tena, mimi na wewe."