Taya la Tsuma

Mkokoteni wa vitunguu ulimpiga Jalila kikumbo sokoni Kongowea, nyanya zake zikatapakaa chini. Tsuma, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akipita. Alitanua mikono, akazuia watu wasizikanyage.

"Pole, bibie," alisema, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

Jalila, buibui likinukia udi, akacheka. "Wanificha nini, meno ya dhahabu?"

Hakuwa na dhahabu. Bomba la chuma lilimng'oa meno ya juu miaka mitatu nyuma, na tangu hapo mfupa wa taya ulikuwa umelika hata hapakuwa na pa kushika jino. Jalila alipolijua hilo alimpenda vivyo hivyo. Kilichomuudhi ni posa kucheleweshwa. Mwaka mzima jibu lilikuwa moja: "Subiri kidogo, mahabuba."

Kisha simu ya Tsuma ikazimwa siku nne. Siku ya tano ikapokewa na mwanamke.

"Tsuma hawezi kuzungumza. Usimpigie, dada."

"Nawe ni nani?"

Simu ikakatwa.

Jalila alifunga kibanda chake cha nyanya adhuhuri hiyo hiyo, akaenda Changamwe, akaupiga mlango wa Tsuma kwa ngumi.

"Mtoe huyo mwanamke wako!"

"Mimi ni Mwanabibi, dadake," alisema aliyefungua. "Yeye ndiye aliyenikataza kukwambia."

Tsuma alitokea akichechemea, mashavu yamefura mpaka machoni. Alieleza kwa taabu. Daktari alimkata kipande cha mfupa nyongani, akainua utando ulio juu ya taya, akaujaza mfupa ule hapo na kuukaza kwa skrubu ndogo. Ukishika, baada ya miezi sita, atapandikizwa meno.

"Nilitaka nije kwenu na mdomo kamili. Babako anione mtu."

"Wallahi umenidharau!" Machozi ya ghadhabu yalimtoka Jalila. "Wapasuliwa nyonga, walazwa, nami niko sokoni nakuapiza! Nani alikwambia nataka meno?"

"Jalila..."

"Nyamaza, utafumua nyuzi! Miezi sita mingine singoji. Ijumaa wazee wako waje kwa baba."

"Na uso huu niufanyeje?"

"Wazee hawaji kuposea uso wako!"

Akaondoka bila kuaga.

Ijumaa wazee wa Tsuma walivuka kwa feri kutoka Likoni, na kabla ya magharibi posa ikakubaliwa. Tsuma akapiga simu kwa furaha.

"Bado nimekukasirikia," Jalila alimkatiza. "Umekunywa uji?"