Kifua cha Wabwile

Julai hiyo mvua ya Tongaren haikuwa na adabu. Ilinyesha asubuhi, ikanyesha jioni, na kila boma likawa na mtu wa kukohoa. Peris alikamua ng'ombe, akachemsha chai, kisha akaenda kumtazama mwanawe Wabwile, mtoto wa miezi minane. Alikuwa amekohoa siku tatu.

Nyanya Phelista, mama mkwe wake, alikuwa amempakata jikoni, kando ya moto wa magunzi ya mahindi. Alikuwa amemfunga shali tatu. Moshi ulikuwa umejaa mpaka macho yanachoma.

"Si unaona amenyamaza?" nyanya alisema. "Jana alilia kutwa. Leo hata homa imeshuka. Joto limemponya."

Peris alitaka kuamini. Lakini mtoto alikuwa amekataa titi tangu alfajiri, na hilo lilimtia hofu.

"Hodi!" Fridah, mhudumu wa afya wa kijiji, aliingia akiwa amelowa chapachapa.

"Karibu, ukae hapa uote moto," nyanya alisema.

"Asante, mama. Lakini huyu mtoto tumtoe kwa moshi. Na tumfungue hizo shali."

"Na baridi hii? Ati unataka kuniulia mjukuu?"

"Dakika moja tu, mama. Na shali tatu, kifua chake nitakionaje?"

Tangu aolewe, Peris hakuwahi kumpinga mama mkwe. Siku hiyo alimnyang'anya mtoto, akatoka naye mpaka barazani.

Fridah alitazama saa ya simu, akahesabu pumzi kwa dakika nzima.

"Sitini na nne! Mtoto wa umri huu akikohoa na pumzi zikifika hamsini kwa dakika, hiyo ni dalili ya nimonia. Sasa tazameni hapa chini ya mbavu. Akivuta hewa, panabonyea ndani."

Mungu wangu! Peris alipaona.

"Lakini homa imeisha," nyanya alisema kwa sauti ndogo.

"Nimonia inaweza kuwa kali hata bila homa, mama. Na huku kunyamaza si kupona. Amechoka kupumua. Mtoto akilegea, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akipata degedege, hangojwi hata kidogo. Ni hospitali."

Hesbon, mume wa Peris, aliwasha pikipiki palepale. Hospitalini Kitale mtoto aliwekewa oksijeni, akadungwa sindano za dawa.

"Mmefanya vizuri kumleta leo," daktari alisema. "Kesho ingekuwa hadithi nyingine."

Siku ya tatu Wabwile alilidaka titi, akanyonya bila kupumzika. Peris alipiga kigelegele katikati ya wodi. Wauguzi walicheka tu, wakamwacha.

Waliporudi nyumbani, Hesbon alitoboa dirisha kubwa jikoni, na mtoto hakukaa tena kwenye moshi. Peris alimpeleka zahanati akapata chanjo aliyokuwa amekosa.

Mwezi wa nane, wakitoka kanisani, nyanya na Peris walimkuta jirani yao Emmy na mtoto wake wa miezi saba, anayekohoa.

"Mfungue kifua," nyanya aliamuru. "Peris, shika saa."

Alihesabu kwa sauti, bila haya. "Hamsini na sita! Emmy, twende zahanati sasa hivi!"

Mtoto alikuwa bado ananyonya vizuri. Alipewa vidonge vya dawa vya kuyeyusha kwenye maji, akarudi nyumbani mchana uleule, bila oksijeni, bila kulazwa.

Nyanya alimkumbatia Peris katikati ya barabara, watu wakitazama.

"Hii tumeiwahi, mwanangu!" alisema. "Bana, tumeiwahi!"