Ufunguo wa Mzinga

Wanaocheka na wacheke. Haya yalimkuta shoga yangu Thirza, hapa kwetu Devon, jioni ya siku aliyomzika mumewe, Jabez. Mwenye nyuki akifa, nyuki huambiwa, wasipoambiwa, huhama. Basi Thirza akachukua ufunguo wa nyumba, akatoka bustanini, akaugonga nao mzinga mara tatu.

“Jamani, mume wangu Jabez amefariki. Msiniache na nyie, sina mwingine.”

Nyuki wakavuma, wakatulia. Akarudi ndani, akajifungia, akaketi gizani, ufunguo ungali mkononi.

Ndipo akasikia kule bustanini chuma kikigonga mzinga: ko, ko, ko. Ikafuata sauti ya Jabez, ya upole kama siku zote.

“Jamani, mke wangu Thirza amefariki. Msiniache na nyie, sina mwingine.”