Nitue, Ndugu Yangu

Ilianza na harufu. Mchana kweupe, Majidi yuko peke yake studioni kwake Gongoni, feni inazunguka, na bado chumba kinanuka jasho la mtu aliyetembea kutwa.

Mjini alijulikana kwa biti za harusi, lakini roho yake ilikuwa kwenye muziki wa utulivu, usio na maneno, alioutengeneza kwa upepo na ndege aliowarekodi Goweko, kwenye njia ya zamani ya misafara. Juzi, akiwa huko Goweko na maikrofoni ikiwa wazi, mtu alimwambia kwa nyuma, "Nitue, ndugu yangu." Majidi hakugeuka, alinyoosha kidole kumnyamazisha, asimharibie kazi. Alipogeuka hapakuwa na mtu. Kwa kuwa sauti ilikuwa tamu, akaiweka kwenye wimbo.

Sasa harufu hii ikamtia shaka, akaifuta sauti ile. Akavaa hedifoni, bado ikasema: "Nitue." Akachomoa nyaya zote, na spika zilizozimwa zikahema, na nyayo zikasikika zikitoka humo, zikazunguka chumba, zikapita mlangoni zikielekea uani alikokuwa mkewe Najiat, mjamzito wa kukaribia kujifungua, akichambua mchele.

Majidi akakimbilia kwa Bibi Kuluthumu, mganga wa mtaa wa pili, akamweleza yote.

"Mtu anaomba umtue mzigo, wewe unamwambia nyamaza?" bibi alinong'ona. "Nani alikulea? Huyo ni jini wa njiani. Nenda ukamtue mwenyewe. Mtu mwingine akimtua, mzigo utamkaa huyo."

Majidi hakumwambia Najiat. Aliona asimtishe mwenye mimba. Akapanda pikipiki mpaka Goweko, akaita, "Lete nikutue!" hadi koo likakauka. Kimya. Akarudi amefurahi, akidhani yamekwisha.

Najiat alikuwa amesimama mlangoni, kichwani hana kitu, shingo imezama mabegani.

"Mgeni wako alipita na mzigo," alisema kwa taabu. "Maskini, jasho linamtoka. Nikamtua."

Magoti yake yakaanza kukunjika, mkono mmoja tumboni. "Nitue, Majidi."

Safari hii hakumnyamazisha mtu. Akainua mikono juu ya kichwa cha mkewe, akasema, "Lete," na uzito ukamshukia.

Najiat alijifungua salama. Ukienda kurekodi kwao leo, utamkuta Majidi anabonyeza vitufe kwa mkono mmoja. Mwingine uko juu, umeshikilia, haushuki. Mwanawe akilia abebwe, Majidi humwita mama yake.